Simu Ikilala, Nani Ana Ruhusa ya Kuiamsha?



Kurasa hizi kwa kawaida ni za hadithi, mashairi na habari za mikutano yetu. Leo naomba nizitumie kwa jambo la somo langu, kompyuta, kwa sababu limegusa nyumbani kwetu Tanga, na huenda limegusa kwenu pia bila nyinyi kujua.

Mama yangu anaumwa presha. Ana vidonge vya aina mbili, kimoja hunywa saa 2 asubuhi na kingine saa 2 usiku. Kabla sijaja Uingereza mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha. Nilipopata nafasi ya chuo nilimwandikia programu ndogo ya simu, kazi ya jioni mbili tu. Haina rangi wala mapambo. Saa ikifika, inapiga sauti yangu niliyoirekodi: “Shikamoo mama. Dawa ya usiku.” Basi. Nilijisifu sana kwa programu ile. Hata katika kikao chetu kimoja niliionyesha, na wengi wenu mkacheka kwa ile shikamoo.

Mwezi wa Januari wifi yangu alikuwa akipanga kabati la mama, akakuta pakiti mbili zilizoanza siku moja hazilingani. Vidonge vya asubuhi vilikuwa vimebaki 4, vya usiku vimebaki 13. Akanipigia. Nilipomuuliza mama mwenyewe alisita kwanza, kisha akasema: “Nilidhani umechoka kunikumbusha, mwanangu. Nikasema nisikusumbue, una mitihani.”

Nilikwisha kumweleza kwamba ile ni sauti iliyohifadhiwa ndani ya simu, lakini kwake sauti yangu ni mimi. Ikinyamaza, mimi ndiye niliyenyamaza.

Nilianza kuuliza taratibu, kama daktari anavyouliza mgonjwa. Asubuhi sauti ilisikika kila siku bila kukosa. Usiku ilikuwa bahati nasibu. Mama akishaswali magharibi huiweka simu juu ya kabati la sebuleni na haigusi tena mpaka anapokwenda kulala. Kuna siku kaka yangu aliisikia sauti yangu sebuleni usiku, watu wote wamelala, akatoka chumbani akidhani nimepiga simu. Kuna siku nyingine mama aliichukua simu saa 4 kwenda nayo chumbani, na papo hapo ikasema mkononi mwake, “Shikamoo mama. Dawa ya usiku.” Akaitikia marahaba, akadhani nimechanganya saa za Ulaya na za nyumbani.

Mtu wa fani yangu akisikia dalili hizo anajua ugonjwa mara moja. Simu ilikuwa imelala, na programu yangu haikuwa na ruhusa ya kuiamsha. Maoni yangu katika makala haya yanahusu ruhusa hiyo: inatolewa na nani, kwa nani, na kwa nini mwenye simu ndiye wa mwisho kujua.

Kwanza tuelewane kuhusu kulala, maana wengi wetu tunachanganya mambo matatu. Kioo kikiwa cheusi, simu si lazima iwe imelala. Simu ikilala, haijazima. Na ile ya “mteja hapatikani” ni jambo jingine kabisa.

Unapobonyeza kitufe cha pembeni, kioo ndicho kinachozimwa kwanza, kwa kuwa ndicho mlaji mkubwa. Nyuma ya kioo kazi inaendelea kwa muda. Ikiwa hakuna programu inayodai kuwa na shughuli, mfumo endeshi unazisimamisha programu zote pale pale zilipo, unazima vifaa kimoja kimoja, na mwisho prosesa yenyewe inakatiwa umeme karibu wote. Kumbukumbu ya kazi inaachiwa umeme kidogo wa kutunza kilichomo, ili ukiamsha simu ukute kila kitu ulipokiacha. Katika hali hiyo prosesa haihesabu chochote. Haijui saa ngapi. Programu yangu iliyokuwa ikisubiri saa 2 haikuwa inasubiri kwa maana tunayoijua sisi, ilikuwa imegandishwa.

Vitu vichache vinabaki macho. Kuna saa ndogo ya ndani ambayo inaweza kutegwa imwamshe mkubwa. Kuna kitufe cha kuwashia. Na kuna modemu, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu tamu ya habari hii. Modemu ina prosesa yake peke yake. Nayo husinzia, lakini usingizi wake ni wa mlinzi wa zamu: katika mitandao ya 4G hufumbua jicho kila baada ya muda ulio kati ya theluthi ya sekunde na sekunde mbili na nusu hivi, kutegemea mtandao ulivyopangwa, husikiliza kama mnara unaiita, kisha hufumba tena. Mnara ukiita, modemu inamgutusha mkubwa, kioo kinawaka, simu inalia.

Ndiyo maana simu ya kawaida, ile ya kukatwa salio, haipotei. Ndiyo maana pia kitochi cha bibi, ambacho wenzetu wa Kenya wanakiita mulika mwizi, kinakaa na chaji siku nne au tano na bado kinalia kila kinapopigiwa. Kitochi kinalala muda wote. Kina waamshaji wachache tu, na wote wanajulikana: mnara, kitufe, na kengele uliyoitega mwenyewe.

Matatizo yalianza simu zilipokuwa kompyuta. Kompyuta ina programu nyingi zilizoandikwa na watu wasiojuana, na kila mmoja anaamini kazi yake ndiyo muhimu. Android ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na utaratibu ambao kwa Kiswahili nitauita kufuli la kukesha. Programu ikishika kufuli hilo, prosesa hairuhusiwi kulala mpaka kufuli liachiwe. Ni utaratibu wa maana. Ukiwa unapakua faili, hutaki simu ilale katikati. Lakini aliyeshika kufuli anaweza kusahau kuliachia, na mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani waliandika juu ya kasoro za namna hii, kasoro za kutolala, ambapo kosa la mstari mmoja wa programu linaiacha simu ikikesha mfukoni mpaka betri inakwisha. Nani kati yetu hajawahi kuitoa simu mfukoni akaikuta ya moto, wala hakuwa akiitumia?

Kufuli hilo lilizua ugomvi mkubwa kati ya wahandisi wa Android na watunzaji wa Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android. Mwaka 2009 na 2010 walibishana kwa miezi. Waliopinga walisema haifai kuipa kila programu uwezo wa kuiamuru mashine nzima ikeshe. Wa Android walijibu kwa hoja ambayo kila mhandisi anapaswa kuijua: bila kufuli kuna mwanya. Tuseme mfumo umeamua kulala, na katika nusu ya sekunde hiyo hiyo ujumbe unaingia. Nani ataushughulikia? Mlango unafungwa na mgeni yuko kizingitini. Suluhu ilikuja kidogo kidogo. Toleo la 2.6.36 la mwaka 2010 liliingiza kazi ya Rafael Wysocki, ambapo mfumo unahesabu matukio ya kuamsha, na kabla ya kulala unaitazama hesabu: ikiwa imebadilika, kulala kunaahirishwa. Mwaka 2012 toleo la 3.5 likapokea utaratibu unaofanana sana na makufuli yenyewe. Nasimulia haya ili walimu wetu wa isimu wasidhani kwamba sisi wa kompyuta hatugombani juu ya maana ya neno moja. Tuligombana miaka mitatu juu ya neno “kulala”.

Kwa hiyo simwonei mhandisi yeyote. Programu zimetumia vibaya uhuru waliopewa. Oktoba 2015 Facebook walikiri wenyewe kwamba programu yao ya iPhone ilikuwa ikila chaji kwa makosa mawili: sehemu ya mtandao ilikuwa ikizunguka bure, mhandisi wao akaifananisha na mtoto ndani ya gari anayeuliza kila dakika kama tumefika, na pia ilikuwa inaacha njia ya sauti wazi baada ya video kwisha, kwa hiyo simu ikaamini kuna kitu kinapigwa. Hiyo ni kampuni yenye wahandisi bora duniani. Mimi na programu yangu ya jioni mbili je?

Mwaka huo huo wa 2015 Google walitoa Android 6 ikiwa na Doze, yaani kusinzia. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, kioo kimezimwa, na haijasogezwa kwa muda, mfumo unaamini mwenyewe hayupo. Hapo programu zinakatiwa mtandao, makufuli ya kukesha yanapuuzwa, na kengele za kawaida zinaahirishwa mpaka lifunguliwe dirisha fupi la kumaliza viporo. Kadiri simu inavyozidi kutulia ndivyo madirisha yanavyozidi kuachana. Soma tena masharti yale: haiko kwenye chaji, kioo kimezimwa, haisogezwi. Ni simu ya mama juu ya kabati baada ya magharibi, herufi kwa herufi.

Hapa nakiri kosa langu. Nilitumia kengele ya kawaida kwa sababu nilijaribu programu kwenye meza yangu huku simu ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta, na simu iliyochomekwa haiingii Doze. Zipo kengele nyingine. Ipo moja inayoruhusiwa kupenya usingizini, lakini programu haiwezi kuitumia zaidi ya mara moja katika dakika 9. Na ipo kengele ya saa kamili, ile inayotumiwa na programu za saa ya kuamkia, ambayo mfumo unaiheshimu hata ukiwa usingizini. Nilibadilisha nikaweka hiyo ya mwisho, nikamtumia kaka, akaiingiza katika simu ya mama. Juma zima sauti ilisikika saa 2 usiku kamili. Nikashukuru.

Siku ya tisa ikanyamaza. Safari hii haikuchelewa, ilinyamaza kabisa, asubuhi na usiku.

Sababu haikuwa Doze. Kampuni iliyotengeneza simu ile, ambayo sitaitaja, iliongeza juu ya Android kitu chake inachokiita msafishaji. Msafishaji huyu anatazama programu ambazo mtu hazifungui, na anazifunga kwa nguvu. Kwenye Android programu iliyofungwa kwa nguvu inafutiwa na kengele zake zote, na haiwezi kujiamsha mpaka mtu aifungue kwa mkono. Lakini programu ya kukumbusha dawa kazi yake ni kutofunguliwa! Inaongea, mama anakunywa dawa, imekwisha. Hakuna sababu ya kuigusa. Kwa macho ya msafishaji, programu inayofanya kazi yake vizuri kiasi kwamba haihitaji kuguswa ni sawa na programu iliyotelekezwa.

Na si msafishaji peke yake mwenye macho hayo. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, mfumo wenyewe unazipanga programu katika madaraja kulingana na jinsi unavyozitumia, kuanzia zile unazozitumia sasa hivi mpaka zile za nadra. Kwa za nadra, kengele ya kawaida iliweza kucheleweshwa muda wa saa 2 nzima, na kazi za nyuma ya pazia siku nzima. Anayefunguliwa mara nyingi anapewa nafasi zaidi ya kukufanya umfungue. Asiyefunguliwa anazidi kuwekwa nyuma.

Wakati wote huo, usiku ule ule ambao sauti yangu ilinyamazishwa, simu ya mama ilikuwa ikiwaka kumletea matangazo ya kubashiri mpira. Nilimwomba kaka anipigie picha ya orodha ya arifa. Tangazo la saa 2 na dakika 10, lingine la saa 3, lingine la saa 5 kasoro. Mama hajawahi kubashiri kitu maishani mwake isipokuwa mvua.

Inawezekanaje? Kwa sababu kuna mlango mwingine. Apple walianza mwaka 2009 na mfumo wa iPhone wa tatu: badala ya kila programu kuwa na waya wake wa mtandao unaoishi muda wote, simu inashika waya mmoja tu kwenda kwa seva za Apple, na ujumbe wote unapitia humo. Google wakafuata mwaka 2010. Kwa betri ni ufumbuzi mzuri sana, maana waya mmoja unaamsha simu mara chache kuliko nyaya hamsini. Mwenye seva anaweza kuweka alama kwamba ujumbe wake ni wa haraka, na ujumbe wenye alama hiyo unapenya Doze. Ndiyo njia inayopitiwa na simu tunazopiga nyumbani bure kwa intaneti. Ndiyo pia njia ya matangazo. Alama ya haraka imekusudiwa kwa mambo ambayo mtu anayahitaji wakati ule ule, lakini anayeiweka ni mtumaji, na kampuni ya kubashiri haina haya ya kuamini kwamba wewe unaihitaji.

Programu yangu haina seva. Haitumii intaneti kabisa, kwa makusudi, kwa sababu sikutaka mama alipie bando kwa ajili ya kukumbushwa dawa. Kwa hiyo haikuwa na mtu wa kuibishia hodi kutoka nje. Mwenye seva akapita, na mwenye sauti ya mtoto akabaki nje ya mlango wa mama yake mwenyewe.

Nilipolisimulia hili darasani, mwalimu wangu mmoja wa mifumo endeshi alinijibu kwa upole kwamba bila ukali huu wote simu ya mama ingezima chaji kabla ya alasiri, na simu iliyozima haikumbushi dawa ya mtu yeyote. Ni kweli, na sisi tunaotoka nyumbani tunaijua kweli hiyo kuliko yeye. Umeme ukikatika mchana kutwa, simu yenye betri iliyochoka inapaswa kulala kila inapopata nafasi. Simu ya bei ndogo ikikesha usiku kucha, asubuhi hakuna simu, na kwa wengi hakuna simu maana yake hakuna pesa ya kutuma wala kupokea. Sitaki turudi mwaka 2008. Sipingi kulala.

Ninachopinga ni kwamba uamuzi umefanywa kimya kimya. Mfumo uliahirisha sauti yangu, haukumwambia mtu. Msafishaji akaifunga, hakumwambia mtu. Mama akabaki anajaza pengo hilo kwa maelezo ya kibinadamu, kwamba mwanawe amechoka naye. Kulikuwa na ubaya gani asubuhi simu ikisema, kwa mstari mmoja, “Jana usiku niliizuia programu hii, niendelee kuizuia?” Mama angesema hapana, kwa kidole kimoja, na mambo yangekwisha siku ya pili.

Mtaniambia mahali pa kuruhusu papo. Papo, nimepafika. Nilimwelekeza mama kwa simu: nenda kwenye mipangilio, ile yenye gurudumu la meno, sasa shuka, sasa betri, hapana, rudi nyuma. Dakika arobaini. Mwishowe kaka ndiye aliyefika, akakuta skrini nne mfululizo. Ya kwanza ilikuwa kwa Kiswahili, mbili za kati zimechanganywa, na ya mwisho, ile yenye uamuzi wenyewe, ilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Akabonyeza. Baada ya simu kusasishwa, alama ile ilikuwa imejirudisha yenyewe ilipokuwa.

Google wameonyesha kidogo kwamba inawezekana kufanya vingine. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna ruhusa maalumu kwa programu inayotaka kengele ya saa kamili, na katika Android 14 ya mwaka 2023 programu nyingi mpya hazipewi mpaka mwenye simu akubali. Wenzangu wa fani wamelalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naona ni mwanzo mzuri. Kama programu inataka kumwamsha mama yangu, na iombe, mama aisome, akubali au akatae. Ila sheria hiyo imfunge na mwenye seva. Imfunge na msafishaji pia: mtengenezaji wa simu asiwe na ufunguo wa siri ambao hata Android yenyewe haiujui. Nataka orodha moja, mahali pamoja, yenye kichwa kinachosomeka: hawa ndio wanaoruhusiwa kuiamsha simu yako. Mama akiisoma ataiondoa kampuni ya kubashiri kabla hajaniweka mimi.

Na hapa ndipo chama chetu kinapoingia, maana orodha hiyo itahitaji maneno. Nimejaribu katika makala haya kutumia kulala kwa prosesa iliyokatiwa umeme, kusinzia kwa Doze, kukesha kwa programu iliyoshika kufuli, na kuzima kwa simu isiyo na chaji. Mwenzetu mmoja kutoka Mombasa ameniambia kwa betri inayotoka asilimia 30 hadi sifuri ghafla tuseme simu imezirai, nami nimelipenda neno hilo ingawa sijui kama walimu watalikubali. Kiswahili hakipungukiwi maneno ya usingizi. Tukiyapanga vizuri na kuyapeleka kwa wanaotafsiri mifumo hii, huenda skrini ya nne siku moja ikasomeka na mama bila kumpigia mtu. Napendekeza tuifanye kazi hiyo muhula ujao, na wa isimu watusaidie sisi wa kompyuta ambao tukiachwa peke yetu tutaandika “kuoptimaizi”.

Kwa wenzangu mnaoandika programu, neno moja la pembeni: jaribuni kazi zenu kwenye simu ya bei ndogo, isiyochomekwa, iliyowekwa kabatini na kuachwa usiku kucha. Na kama programu yako haina sababu ya kumwamsha mtu, usiombe kengele.

Kwa wanachama wote, jambo la kushika kwa sasa: ukiwa na hofu na mtu wa nyumbani, na simu ya intaneti haipokelewi, usiseme amekasirika. Weka salio upige ya kawaida, ipitie mnara na modemu. Ni ghali, najua.

Mimi sasa napiga kila siku. Saa 2 usiku ya Tanga katika majira haya ya baridi ni saa 11 jioni hapa, natoka maabara naenda ukumbini, upepo unanipiga usoni, namwambia shikamoo mama, dawa. Kaka naye ametega kengele kwenye kitochi cha zamani cha marehemu baba, ambacho kinakaa kabatini pembeni ya ile simu nyingine. Kitochi hakijakosa hata usiku mmoja. Lakini mama ameomba nisiiondoe ile programu, kwa hiyo nimeandika toleo la tatu, na sasa vinashindana. Jumatatu sauti yangu ilitangulia. Jana kitochi kililia, na mama anasema alikaa kidogo na kidonge mkononi akisubiri ile ya pili, haikuja, akanywa.